Naomba Leseni ya Kukumbuka

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Tume ya Mawasiliano ya Uganda,
Bugolobi, Kampala.

YAH: OMBI LA LESENI YA KUMBUKUMBU

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni muuza mivumba, ile ambayo majirani zetu huiita mitumba, safu ya mashati ya wanaume, katika soko ambalo karatasi za serikali zinaliita Mtakatifu Balikuddembe na makondakta wa teksi wanaliita Owino. Nimekuja kujisalimisha kabla sijakamatwa. Nimegundua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikiendesha kituo cha utangazaji bila kibali. Mtambo umo kichwani mwangu, mnara ni mdomo wangu, na wasikilizaji ni yeyote anayesimama kuulizia bei.

Mniwie radhi kwa lugha. Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na kwa kuwa hapa kwetu tumezoea kukisikia kikitoka juu kuja chini: kaa chini, toa kitambulisho, panda gari. Nikaona safari hii kipande kwenda juu, kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi kama mashati yangu.

Nieleze kwanza nilivyoingia katika kosa hili. Zamani Kampala ilisikiliza Redio Uganda, na Redio Uganda haikuwa na mzaha. Mwishoni mwa 1993 zikaja Sanyu na Capital, tukajua kwamba mtangazaji anaweza kucheka akiwa kazini na asifukuzwe. Lakini hao walicheka zaidi kwa Kiingereza. Mwaka 1996 ikaja CBS, redio ya Ufalme wa Buganda pale Mengo, na hapo ndipo kicheko kilipoanza kusema Kiganda chenye mafumbo, kile ambacho mzee anaona kimemtukana na kijana anaona kimemsifu.

Katika safu yetu redio ilikuwa moja, ya fundi cherehani, betri zake zimekazwa kwa mpira wa baiskeli. Aliyeitawala redio hiyo katika kumbukumbu yangu ni marehemu Kato Lubwama. Tulimjua kwanza jukwaani, na kundi la maigizo la Diamonds Ensemble, kisha akahamia masikioni mwetu kupitia redio za Kiganda, CBS ikiwemo. Alikuwa na ulimi usiobisha hodi. Mteja aliyekuwa akilia bei alisahau kulia. Muuzaji akasahau kupandisha. Kwa hiyo, Mheshimiwa, hasara yangu ya kwanza katika biashara ilisababishwa na utangazaji, na sikuleta malalamiko.

Sitamnukuu hata neno. Nikimnukuu nitakuwa nimetangaza, na leseni bado sina. Lakini hata ningetaka, nisingeweza, na hapa naomba msaada wa wataalamu wenu. Upo mzaha wake mmoja ambao safu yetu yote inaukumbuka. Muuza viatu anaapa ulimhusu waziri. Mama anayeuza sidiria anaapa ulimhusu mume mlevi. Fundi cherehani anaapa ulimhusu fundi cherehani, na tangu siku hiyo hajawahi kuchelewesha suruali ya mtu. Wote watatu walikuwa wamekaa mbele ya redio ileile. Mkitaka kutoza faini, mtatoza mzaha upi?

Sasa nifike kwenye tarehe 10 Septemba 2009. Kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwa azuru Kayunga, serikali ikazuia, mji ukawaka moto, watu wakauawa barabarani. Hapo sifanyi mzaha, waliozikwa wamezikwa. Siku hizo CBS ikazimwa, na redio ya Suubi, na Sapientia, na Akaboozi ku Bbiri. Najua mtaniambia kwamba aliyezima ni Baraza la Utangazaji, si nyinyi. Ni kweli. Lakini sheria ya 2013 ilipowaunganisha mlirithi majalada yake, na mrithi wa shamba hurithi na magugu.

CBS ilikaa kimya zaidi ya mwaka mzima, hadi Oktoba 2010. Fundi hakuhamisha mshale. Kila asubuhi aliwasha redio palepale, ikatoa mvumo kama mafuta ya mandazi, tukaketi kuusikiliza. Baada ya dakika chache lazima mmoja angesema, "Saa hizi angekuwa anasema...", na mwingine angemrekebisha, na wa tatu angeongeza chumvi. Hapo ndipo kituo changu kilipozaliwa. Tulikuwa na watangazaji wengi kuliko Mengo, hatukulipia umeme, na mzaha ambao redioni ungesemwa mara moja ukapita, sisi tuliurudia mpaka ukanona. Mlizima mtambo mmoja kilimani mkawasha mia bondeni. Kwa hisani hiyo, pokeeni shukrani zetu zilizochelewa.

Septemba hiyohiyo ya 2009 vilipigwa marufuku vimeeza, ile midahalo ya hadhara iliyorushwa moja kwa moja hewani, raia mmoja baada ya mwingine akishika kipaza sauti. Jina lenyewe, mnajua, ni meza ya Kiswahili iliyovaa kanzu ya Kiganda. Nchi ikaogopa fanicha. Tangu siku hiyo meza yangu ya mashati naiangalia kwa mashaka, maana watu husimama kuizunguka na kuzungumza.

Nimefuatilia kazi yenu kwa makini, kwa sababu mwombaji mzuri humjua anayemwomba. Ninakumbuka Aprili 2019 mlipoagiza vituo 13 viwasimamishe kazi watu 39, baada ya kurusha habari za mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine. Nilivutiwa na hesabu. Mimi nahesabu robota la mashati na bado nakosea. Nyinyi mlihesabu midomo ikatimia 39 kamili. Ila nadhani mlisahau upande wa pili wa hesabu, wa masikio. Mtangazaji mmoja akisema, anayeharibika ni yeye aliyesema au sisi tuliocheka? Kama ni sisi, barua za kusimamishwa kazi hazijatufikia bado. Sanduku la posta sina. Nileteeni sokoni, ulizeni safu ya mashati.

Nimesoma pia viwango vya chini vya utangazaji vilivyo katika sheria yenu. Vinataka kipindi kisiharibu maadili, kisipotoshe ukweli, kisihatarishe usalama, na kiwe na mizani. Naungama: kumbukumbu yangu haina mizani. Inakumbuka alichosema mtangazaji na imesahau kabisa alichojibu waziri. Nimejaribu kuirekebisha. Usiku nalala nikijilazimisha kukumbuka hotuba ya ufunguzi wa barabara, asubuhi naamka nacheka mambo mengine.

Na Lubwama mwenyewe alitutatiza zaidi. Mwaka 2016 watu wa Rubaga Kusini walimpeleka Bungeni, naye akasema hadharani kwamba yeye amekwenda kula. Wengi walikasirika. Safu yetu iligawanyika: fundi alisema amewaaibisha wapiga kura, mama wa sidiria akasema huyo ndiye mbunge wa kwanza aliyetangaza habari iliyothibitishwa. Nami nilikasirika, kwa sababu ulimi niliouzoea ukiwachoma wanaokula ulikuwa sasa umeketi mezani nao. Mwaka 2021 kiti kikamponyoka. Alipofariki tarehe 7 Juni 2023, soko lilimlilia vibaya, yaani kwa vicheko. Kila aliyefungua mdomo kusema pole aliishia kusimulia. Hata muuza viatu, waziri na mume mlevi wakamchanganyikia, akasema pengine walikuwa mtu mmoja.

Kabla sijamaliza, niwakumbushe jina la soko. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mkuu wa watumishi katika jumba la Kabaka Mwanga. Mwaka 1885 alimkemea bwana wake kwa kuamuru Askofu Hannington auawe. Tarehe 15 Novemba mwaka huo akauawa kwa ajili hiyo, hapahapa Nakivubo. Hakuwa na masafa wala kipaza sauti; msikilizaji wake alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mfalme. Miaka mia na zaidi baadaye, redio ya mfalme nayo ikazimwa na walio juu yake. Zamu hubadilika. Lakini soko, Mheshimiwa, lina jina la mshtakiwa, si la hakimu. Na hata jina hilo takatifu, lenye muhuri wa serikali, halijaweza kututoa Owino mdomoni.

Kwa hiyo naomba leseni. Masharti nitayatii. Nitakumbuka kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, isipokuwa mvua ikinyesha, maana mvua huleta wasimuliaji wengi chini ya turubai moja. Mkaguzi wenu anakaribishwa wakati wowote. Aje kama mteja. Nitampunguzia shati, na akicheka nitamwandika katika daftari la wafanyakazi.

Ada nitalipa, ila naomba nielezwe inavyokokotolewa: kwa idadi ya ninayoyakumbuka, au kwa idadi ya mliyotaka niyasahau? Ya pili sitaimudu.

Fomu itadai jina la kituo. Ningependa "Mambo Bado". Naambiwa CBS iliwahi kulitumia kwa kimeeza chake, kabla ya marufuku ya 2009, hivyo nadhani kwenu linahesabika kuwa halina mwenyewe.

Wenu mtiifu kwa sasa,

Muuza mashati,
Owino (angalia: Mtakatifu Balikuddembe).

Viambatisho: redio moja ya fundi, mshale haujahamishwa, betri mbili, mashahidi watatu wasiokubaliana.