Heko, Kishona Nguo

Mimea mingi hukusumbua mpaka uende kuitafutia jina vitabuni. Kishona nguo hakina makuu hayo. Katiza konde lililolala, kisha tazama upindo wa suruali yako: kimekwisha kujitambulisha.

Wasiopenda kujulishwa kwa namna hiyo wakitambue mapema. Shina lina pembe nne. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, na jani kwa kawaida hugawanyika vipande vitatu vyenye kingo za msumeno. Ua ni kitovu cha njano, pengine na petali chache nyeupe pembeni. Mara nyingi hata hizo kinaziona ni gharama ya bure. Ukikuta ua dogo la namna hiyo, lakini majani hayakugawanyika, hiyo ni Galinsoga, ndugu yake mpole. Likisimama peke yake juu ya kikonyo kirefu, na mbegu zikapeperuka kwa manyoya, ni Tridax. Hiyo humtegemea upepo. Kishona nguo humtegemea binadamu, na binadamu hajawahi kukiangusha.

Asili yake ni Amerika. Mtaalamu wa mimea Linnaeus alikipa jina la kitaalamu mwaka 1753, lakini mwambie mkulima wa Lushoto kwamba ni mgeni, atakucheka. Mgeni gani huyu aliyeota kila shamba? Siri iko kwenye mbegu: nyeusi, nyembamba, kichwani ina meno mawili au matatu, na kila jino lina vimiba vilivyoelekea nyuma, kama ndoana. Kuingia kwenye kitambaa ni rahisi, kutoka, haitaki. Na mmea mmoja huzaa mbegu kwa maelfu.

Tusisahau ukarimu wake. Majani machanga hupikwa mboga, machungu kidogo, na sungura huyala bila kuuliza bei. Tena ni shahidi asiyehongeka: kijana aapaye kwamba amepita barabarani moja kwa moja kutoka shule, mama yake hamjibu, humtazama soksi tu.

Ila sifa yake kuu huonekana wakati wa palizi. Mkulima hukilaani, huking'oa, huondoka shambani ameshinda. Jioni hukaa barazani akizichomoa mbegu kwenye kanga au kaptula, moja moja, kwa subira ambayo hajawahi kuipa mbegu ya mahindi, akizitupa papo hapo uani.