Bwawa la Kiptere

Watu wa pwani wameusifu mnazi kuanzia mzizi hadi kuti, na wafugaji wa huku kwetu bado humsifu fahali kwa jina na kwa rangi yake. Sijasikia mtu aliyesimama mbele za watu akaisifu pikapu inayovuja. Huko ni kudhulumu. Kwa kuwa ninayo moja, na imekuwa ikiingiza maji tangu mmiliki wake wa kwanza akiwa bado ana nywele kichwani, kazi hiyo naifanya mimi.

Kampuni iliyoiunda sitaitaja. Ilifanya kazi yake vizuri: iliacha matundu ya kutolea maji chini ya kila mlango, na chini ya waipa ikaweka mtaro mwembamba wenye njia mbili za kumwaga maji nyuma ya magurudumu ya mbele. Walichokosa wahandisi wake ni kufika Kericho tu.

Asiyepajua huku aelezwe. Asubuhi jua linawaka kama kwingine. Unyevu unapanda kutoka Ziwa Victoria, unakutana na upepo wa mashariki kwenye miinuko inayoelekea Mau, na saa tisa mchana mbingu inafunguka. Hivyo ndivyo ilivyo karibu mwaka mzima, na ndiyo sababu Waingereza wakapanda chai hapa. Mvua ya mawe nayo ina ukaazi wa kudumu. Sehemu chache sana duniani hupigwa na mawe mara nyingi kama Kericho na Nandi. Miaka ya 1960 kampuni za chai zilifikia hatua ya kuyarushia mawingu roketi, kisha zikaleta ndege, ili mawe yapungue kabla ya kuchana majani. Mbingu iliyorushiwa roketi ikaendelea na shughuli zake haiwezi kuheshimu raba ya kioo iliyokauka.

Sifa ndogondogo nizitaje upesi. Pikapu hii haiibiwi, maana mwizi akikaa tu anajua kwamba ameingia mahali pasipo pake. Maji yanapofika kwenye fyuzi, honi hulia yenyewe, kwa hiyo sokoni nasifiwa kwa kusalimia watu wote bila ubaguzi. Wanasiasa hawaniombi lifti mara mbili. Na shemeji yangu, ambaye zamani alipenda kukaa mbele na kunifundisha kuendesha, sasa hukaa nyuma pamoja na mananasi akiwa amejifunika turubai, ametulia.

Sifa kuu, ambayo naomba serikali iitambue kwa cheti, ni uvunaji wa maji.

Tupige hesabu kama watu wa miradi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mji wa Kericho hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Sisi wa Kiptere tuko chini zaidi, kwenye mteremko wa kwenda Sondu, basi tushike 1,500 tusionekane wenye tamaa. Boneti, kioo cha mbele na paa la kebini, vyote pamoja, ni kama mita tatu za mraba. Hizo ni lita 4,500 kwa mwaka, yaani jerikeni 225 za lita ishirini, bila mtu kuinama mtoni wala kuumia mgongo. Kuna kina mama hapa kijijini ambao mfereji wao ulizinduliwa kwa hotuba, keki na kwaya, na haujawahi kuwapa maji hayo.

Mpangilio wa mradi nao ni wa kitaalamu. Chanzo ni boneti. Kituo cha kuchujia kiko chini ya waipa, ambako majani ya mgrevilea, vumbi na mabaki ya chai vimeshikamana vikawa blanketi jeusi lenye rutuba. Msimu uliopita kulichipuka kitu nikakiacha nione kama ni sukuma wiki. Kutoka hapo maji yanafuata bomba kuu, yaani tundu la kuingizia hewa ya hita, na yanagawiwa kwenye goti la abiria. Abiria haombi kuunganishiwa, hajazi fomu, halipi amana. Anaunganishwa. Yanayobaki huhifadhiwa katika mlango wa kushoto, ambao ndio bwawa lenyewe, na nikikata kona kwenye njia panda ya Kapsoit husikika mawimbi. Mradi hauna bodi, hauna posho za vikao, haujapeleka mtu yeyote ng'ambo kujifunza jinsi wengine wanavyovuna maji. Haujakatiwa utepe. Na unafanya kazi.

Sasa ulinganishwe na wakubwa zake. Bwawa la Itare, kule Kuresoi katika Kaunti ya Nakuru, lilizinduliwa mwaka 2017 likiwa na bajeti ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Mwaka uliofuata kampuni iliyopewa kazi, CMC di Ravenna ya Italia, ilikwama kifedha huko kwao, na mitambo ikazimwa. Mto Itare ni mmoja wa mito inayoulisha mto Sondu, na watu wengi wa Kericho na Bomet walikuwa wamepaaza sauti kwamba maji yao yatageuzwa yapelekwe Nakuru. Wangejua wasingekauka koo. Miaka ilipita bila tone kufika Nakuru kutoka bwawa hilo. Mlango wangu wa kushoto, kwa upande wake, umejaa sasa hivi ninapoandika, na mkandarasi wake hajafilisika kwa kuwa hakulipwa.

Ningeendelea hivi kwa furaha, lakini nimemkumbuka fundi.

Niliipeleka gari kwa kijana mmoja wa jua kali, msafi wa maneno, aliyeizunguka akiigonga kwa vidole kama daktari. Jioni akanipokea akitabasamu. “Mzee, hiyo imeisha. Nimeipiga silikoni kila mahali, hata chini.” Nikauliza chini wapi. “Chini ya milango, mzee. Kulikuwa na matundu.”

Kulikuwa na matundu! Matundu hayo yaliwekwa kiwandani, bwana. Maji hupita kwenye kioo cha mlango hata gari ikiwa mpya. Raba haizuii yote na haikukusudiwa kuzuia yote. Yanateremka ndani ya mlango, yanatokea chini, yanaanguka barabarani, habari imekwisha. Ukiziba chini, maji yanakaa, bati linaoza kutoka ndani, na siku utakayoona kutu kwa nje tayari unashika rangi tupu. Yeye aliona mahali maji yanapotokea akadhani ndiyo kasoro. Pale yanapoingilia hakupagusa. Na alinilipisha.

Kwa faida ya mwenye gari kama yangu: dawa haiko kwenye silikoni. Ondoa waipa na kifuniko cha chini yake, toa majani yote kwa mkono, kisha pitisha spoku ya baiskeli kwenye zile njia mbili, polepole, mpaka maji yaonekane yakidondoka nyuma ya gurudumu. Upepo wa kompresa unasaidia, ila usiuelekeze kwa nguvu mahali penye mpira uliochoka. Chini ya milango, spoku hiyohiyo. Utatoka udongo mweusi, kisha maji, kisha maji zaidi. Zulia litolewe lianikwe, maana chini yake ndiko sakafu inakooza kimyakimya. Halafu mtu akae ndani na tochi, wewe umwage maji kwa jagi kuanzia chini ukipanda juu, usianze na paa, kwa sababu maji ya paa hufika kila mahali na hutajua ni wapi yameingilia. Mpaka hapo hujanunua kitu. Raba ya kioo ndiyo itakayokugharimu, na ndiyo ya mwisho kushukiwa.

Nilidhani tabia ya kuziba pa kutokea ni ya gereji ile peke yake. Kumbe ina shule kubwa zaidi, kwenye barabara zetu.

Tangu Julai 2024, katika kila lita ya petroli au dizeli tunayonunua Kenya, shilingi 25 ni za kutunza barabara. Kabla ya hapo zilikuwa 18. Pikapu yangu inakunywa, kwa hiyo mimi ni mfadhili mkubwa. Fedha hizo zikishakusanywa, hoja inayofuata ni nani azitumie: katika bajeti ya mwaka 2024/25 wabunge na magavana waling'ang'ania shilingi bilioni 10.5, kila upande ukisema barabara ni zake, na ubishi ukafika mahakamani. Sijawahi kuona watu wakizipenda barabara kiasi hicho.

Yetu, inayotoka kwenye vituo vya chai kwenda kwenye lami, ina kalvati moja. Iliwekwa na mtu aliyejua kazi: pana, imeinamishwa vizuri, na mtaro wa juu unaileta mvua yote ya kilima mdomoni mwake. Kisha greda lilipita. Dereva wa greda alisawazisha vizuri mno, akasukuma udongo wote pembeni, na pembeni ndiko mtaro uliko. Barabara ilipendeza kwa juma moja. Mvua ya saa tisa ilipokosa pa kupita ikapita juu, ikakata barabara, na lori la majani likazama hapo likiwa limepakia.

Hapo ndipo utani unaponiishia. Chai iliyochumwa haisubiri kikao. Majani yakibanwa kwenye magunia yanapata joto, yanageuka rangi, na kiwandani yanakataliwa. Mama aliyeamka saa kumi na moja kuyachuma, akayabeba mgongoni mpaka kituoni, akapanga foleni akapimiwa, ndiye anayepungukiwa mwisho wa mwezi. Si dereva wa greda, wala aliyetia sahihi kwamba kazi imekamilika. Kisha Oktoba bonasi ikija ndogo ataambiwa ni bei ya mnada wa Mombasa, au ni dola, au ni vita vya nchi ambayo hajawahi kuisikia. Hakuna atakayemwambia habari za kalvati.

Nilikwenda kuuliza. Ofisi ya kwanza ilinieleza kwa heshima kwamba barabara hiyo iko chini ya ofisi nyingine. Ya pili ilikubali kwamba iko chini yake, ila mitaro ya kando iko chini ya ile ya kwanza, na ingefaa niandike barua. Niliiandika. Nilijibiwa kwamba suala limepokelewa, na limeingizwa kwenye mpango wa mwaka wa fedha ujao, fungu la “uzuiaji wa maji”.

Vijana wa sokoni hawakusubiri mwaka wa fedha. Walileta majembe na koleo, wakachimba mdomo wa kalvati siku nzima, na jioni maji yakapita chini kama yalivyopangiwa. Tangu hapo walisimama kando na kamba, kila gari shilingi 50, na mimi nililipa kwa moyo mweupe kuliko nilivyowahi kulipa kodi yoyote.

Kisha mkandarasi akaja, na malori ya murramu, na mtu wa kamera. Murramu ilimwagwa ikashindiliwa vizuri kabisa, juu ya kalvati na ndani ya mtaro, pande zote mbili. Mheshimiwa alivaa buti mpya akasimama juu yake akapigwa picha, akatuambia kwamba maji yale sasa yamedhibitiwa.

Vijana walimsikiliza mpaka mwisho, wakapiga makofi. Ada ni shilingi 100 sasa.