Jina la Fundi, Kadi ya Mkwe

Wenyeji wa Kibondo na Kasulu wanazijua radi zao. Mvua za Novemba zikishika kasi, plagi ya televisheni huchomolewa hata kabla ya nguo kuanuliwa. Kinachosahaulika ni waya wa dishi. Radi haina haja ya kulipiga dishi lenyewe. Ikitua jirani tu, umeme wake hupenya kwenye waya ule, ukateremka ukutani na kuingia mgongoni mwa king'amuzi, huku plagi ikining'inia pembeni salama salimini.

Ndivyo kilivyokufa king'amuzi cha mwalimu mmoja mstaafu wa Kibondo, wiki moja tu baada ya kulipiwa kifurushi cha mwezi. Mwalimu hakukililia king'amuzi. Alizililia wiki tatu zilizobaki ndani yake.

Msaada ulitoka Kasulu. Mwanawe alikuwa na king'amuzi cha kampuni ileile kilichokaa juu ya kabati miaka kadhaa. Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizizuia kampuni za dishi za kulipia kuonyesha chaneli za bure kama ITV na Channel Ten, kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu. Nyumba nyingi zilizopenda taarifa ya habari zikatafuta king'amuzi cha pili, na kile cha kwanza kikapandishwa kabatini. Mwana akakifuta vumbi, mkewe akakifunga kwenye kitenge, kikapandishwa basi la asubuhi. Kufika mchana, Mwalimu alikuwa keshaketi mbele ya televisheni na rimoti mkononi.

Akachomoa kadi kwenye kile kilichoungua, akaichomeka kwenye kipya. Kioo kikamjibu kwamba kadi hii si ya king'amuzi hiki. Akarudisha kadi ya Kasulu. Kioo kikamtaka alipie.

Mwalimu hakujua jambo ambalo hakuna muuzaji wa dishi anayelitaja siku ya kuuza. Kadi na king'amuzi hufungishwa ndoa kiwandani au siku ya kusajiliwa, ili watu wasiazimane kadi mtaa mzima. Malipo yakifika, kampuni hairushi idhini kwa baba wala mama mwenye nyumba. Huirusha kwenye setilaiti iliyo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, nayo huimwaga Afrika nzima ikiwa na namba moja ya kadi. Ving'amuzi vyote huisikia. Chenye namba hiyo peke yake ndicho hufunguka. Kwa kampuni, mteja ni namba. Mwalimu ni mtu anayeishi karibu na namba hiyo.

Wamarekani waliumia kwa jambo hili kabla yetu, tena kwa fedha nyingi. Mwaka 1999 kampuni ya TiVo ilianza kuuza mashine za kurekodi vipindi vya televisheni, ikawapa wateja nafasi ya kulipa dola 199 mara moja na kupata huduma ya maisha. Waliolipa walipiga hesabu ya maisha yao wenyewe, ya afya njema na uzee mrefu. Mkataba ulihesabu maisha ya mashine. Ukiiuza, huduma inaondoka na mnunuzi. Ikiungua, huduma inazikwa nayo. Uingereza mambo yalikwenda mbali zaidi: huduma ya mashine za kwanza ilizimwa mwaka 2011, na waliolipia maisha wakabaki na mashine hai zisizo na huduma.

Mwalimu hakudai maisha. Alidai wiki tatu, akapiga simu huduma kwa wateja.

"Karibu baba, naomba majina kamili ya mteja."

Akayataja yote matatu, pamoja na lile la babu yake.

"Samahani baba, majina hayalingani."

Ikabainika kwamba king'amuzi kilichoungua kilisajiliwa kwa jina la fundi aliyekuja kulielekeza dishi. Kuanzia siku ile familia nzima ilikuwa ikitazama televisheni kwa jina la kijana ambaye tayari alikuwa amehamia Geita. Akatafutwa huko kwa simu, akasalimiwa kwa heshima asiyoizoea, akathibitisha namba ya kitambulisho chake. Kifurushi kikakubaliwa kuhama.

Hapo ndipo Kiswahili kilipomponza. Mwalimu alisomewa kadi ya Kasulu na mkewe, naye akawa anaipaaza simuni kwenye mtandao unaokatakata. Mkewe alisema "nane". Mwalimu alisema "nane". Dada wa huduma kwa wateja alisikia "nne". Wiki tatu za Mwalimu zikatua kwenye king'amuzi cha mtu asiyejulikana, ambaye bila shaka alimshukuru Mungu usiku ule na kubadilisha chaneli. Ikabidi zirudishwe, na safari hii namba ikasomwa kwa mtindo wa darasa la kwanza: "Nane, ile inayofuata saba!"

"Sasa baba, kiacheni kimewaka mpaka picha irudi."

Agizo hilo lina sababu yake: idhini ikipita king'amuzi kikiwa kimezimwa, haisubiri mlangoni. Lakini nyumbani kwa Mwalimu kuna sheria ya zamani zaidi. Mkewe, ambaye huchungulia uniti za LUKU kila anapopita ukumbini, aliona chombo kinawaka bila picha, akakizima. Simu ikapigwa tena. King'amuzi kikawashwa, rimoti ikafichwa, na jioni tamthilia ikarejea pale ilipokuwa imewaacha waigizaji hospitalini.

Kilichosalia ni jambo dogo ambalo hakuna aliyelikumbuka. King'amuzi cha Kasulu kilisajiliwa kwa simu ya mkwe, yaani mke wa mwana. Hivyo ujumbe wa "Ndugu mteja, kifurushi chako kinakaribia kuisha" huingia Kasulu, kwa binti ambaye hata kumsalimia baba mkwe husogea kando na kuinama. Ampigie simu amwambie baba kwamba hela yake imeisha? Atamwambiaje? Humwambia mumewe. Mume akiwa shambani au safarini, binti hulipa mwenyewe kimyakimya kwa simu.

Mwalimu hajui hata moja kati ya hayo. Jirani akilalamika kwamba king'amuzi chake kimekata katikati ya mwezi, humwonea huruma na kumshauri akauze kile cha Kibondo, atafute cha Kasulu. Chake, anasema, tangu kifike hakijawahi kudai hela.