Chagua Fremu, Kisha Usalimie Wazee

Umeamua kuteremka milima ya Gusii kwa baisikeli, mbio, na kwa hiari yako. Hongera. Nyumbani wameshakuuliza kama matatu zimeisha, nawe ukawajibu kwamba huu ni mchezo. Jibu hilo usilirudie mbele ya mchukuzi wa ndizi. Yeye huteremka kila siku ya soko na mikungu nyuma, na hakuna aliyewahi kumwambia anacheza.

Kabla ya fremu, fikiria kupanda. Mji wa Kisii uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka hapo kwenda Nyamira, Keroka au Ogembo, barabara haina msimamo: inashuka ili ipate sababu ya kupanda tena. Kule Fort William, Uskoti, mshindani hupandishwa hadi mwanzo wa njia kwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya, yeye na baisikeli yake, akinywa chai. Wewe utapandishwa mlima wa Manga kwa bodaboda. Kodi ya VAT ya pikipiki ndogo iliondolewa mwaka 2008, kwa hiyo hutakosa ya kukubeba. Utakaa nyuma, fremu mapajani, gurudumu moja likigusa majani chai ya upande huu na jingine ya upande ule, nawe utalipa nauli ya watu wawili kwa sababu baisikeli nayo ni abiria. Patana bei ukiwa chini. Mkifika katikati ya mlima, bei ni ya mwenye pikipiki.

Sasa soma pembe. Wauzaji watakuambia kwamba fremu ya mashindano ya kuteremka lazima uma wake wa mbele ulale, digrii 63 hivi, ili gurudumu likae mbali mbele yako na usipinduke kwenye mteremko mkali. Ni kweli. Watakuambia pia kwamba umbali kati ya magurudumu uwe mrefu, baisikeli itulie kwenye kasi. Hilo nalo ni kweli. Ukishakariri yote, nenda sokoni Daraja Mbili ukasimame kando ya baisikeli ya Black Mamba iliyoegemezwa ukutani. Uma umelala. Magurudumu ni inchi 28, mbali moja na jingine. Chuma kizito, bomba la juu limefungwa vitambaa mahali mwenye ndizi anapoishika akisukuma. Waingereza waliichora hivyo kwa ajili ya barabara mbovu, zamani sana kabla katalogi yako haijachapishwa.

Ukitaka ushahidi wa mbali, upo. Mwaka 1976, vijana wa Marin, California, walianza kushindana kuteremka njia ya vumbi waliyoiita Repack. Baisikeli zao zilikuwa kuukuu, nzito, za chuma, na breki yao ilikuwa ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Breki hiyo ilipata moto hadi grisi ikaungua, na kila baada ya kushuka ilibidi habu ifunguliwe na kupakwa grisi upya. Mwaka uliofuata Joe Breeze akaunda fremu maalumu kwa kazi hiyo, na kutoka hapo biashara ikaota mbawa. Kisii vyote hivyo tulikuwa navyo isipokuwa saa ya kupimia. Lakini usijali, Black Mamba hutainunua. Hakuna atakayekusimamisha barabarani kuuliza umeipata wapi.

Chagua malighafi. Kaboni iache, ikipasuka hapa utaitundika ukutani kama picha ya marehemu. Alumini ni nyepesi, inang'aa, na ndiyo utakayochukua, kwa hiyo jua mapema tabia yake: chuma hujipinda kwanza, kikakupa taarifa, lakini alumini hukaa kimya mpaka siku yake. Chuma kikivunjika Nyamaiya au Kebirigo, fundi yeyote wa jua kali atakichomelea kabla chai haijapoa. Alumini inataka gesi ya agoni, mkono uliofunzwa, na kisha fremu nyingi zinataka kupashwa moto kwa kipimo ili zirudishe nguvu zake. Muulize fundi kama anaiweza.

“Hiyo ni kazi ndogo, bosi. Lete tu.”

Usilete.

Ukinunua ya mtumba, na utanunua ya mtumba, chukua uzi. Funga ncha moja pale ekseli ya nyuma inapokaa, upande wa kushoto, uuzungushe mbele ya shingo ya fremu, uurudishe hadi upande wa kulia. Pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, huku na huku. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, muuzaji atasema uzi ndio umepinda. Kisha ilaze chali, utazame chini ya shingo, pale bomba la chini linapounganika: nyufa huanzia hapo, nyembamba kuliko unywele. Mahali penye rangi mpya pachunguze mara mbili, maana hakuna anayepaka rangi sehemu moja tu ya baisikeli kwa kupenda urembo. Mwisho, soma namba iliyogongwa chini ya kisanduku cha pedali. Ikiwa imesuguliwa kwa tupa, ondoka taratibu, usikimbie. Ukiinunua, utaisoma namba hiyo tena ukiwa kituo cha polisi.

Kuna ile nyingine mpya kabisa, ya bei nafuu, yenye springi mbele na nyuma na maandishi ya umeme ubavuni. Inapendeza. Nyingi za jamii hiyo huuzwa duniani zikiwa na kibandiko kidogo kinachosema zisiendeshwe nje ya barabara nzuri. Kibandiko hicho hubandukia njiani kabla ya kufika dukani.

Springi za kweli ni jambo jingine. Fremu ya mashindano hupewa nafasi ya kubonyea kama milimita 200 nyuma. Ya kurukaruka kwa starehe huridhika na 160 hadi 180. Zile za hewa hujazwa kwa pampu yake maalumu, yenye presha ambayo pampu ya fundi wa pancha haijawahi kuiota. Nunua pampu hiyo. Utamwazima mtu, na hutaiona tena.

Ulizia vipuri kabla ya kulipa. Spoku, kota na tairi za inchi 28 utazipata hata Keroka, upande wa Kisii au wa Nyamira, kwa kuwa mji huo umekaa kaunti zote mbili. Lakini fremu yako ina kipande kidogo kinachoshikilia dereila ya kubadilishia gia, kimetengenezwa kiwe laini ili kipinde chenyewe fremu isiharibike, na kila kampuni ina umbo lake. Nunua viwili siku hiyo hiyo. Utavunja vitatu.

Breki: hakikisha fremu ina mahali pa kufungia diski. Breki za fimbo za Black Mamba hubana rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa haisikii mtu. Hapa mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, nyingi yake ikianguka mchana, wakati ule ule uliopanga kushuka, juu ya udongo mwekundu usio na huruma. Mtazame mwenye ndizi anavyofanya. Huteremsha mguu wa kulia, akakandamiza soli ya akala juu ya tairi la nyuma, kisigino kikiwa juu kidogo, na uso wake haubadiliki. Harufu ya mpira ukiungua hukufikia kabla yake. Usijaribu. Viatu vyako vya mchezo vina soli ya sponji.

Tumefika kwenye uhuru. Katalogi zinasema kuna fremu za mashindano na kuna fremu za kwenda popote upendapo. Gusii hakuna popote. Ardhi imegawanywa baba kwa mwana hadi ikawa vipande vya kupimwa kwa hatua, na kila kijia unachokiona kinashuka kati ya chai ya mtu na majani ya napia ya ndugu yake, ambao huenda hawasemezani. Ukiruka tuta, unatua kwenye mpaka wa kesi. Chagua fremu fupi kidogo, inayokata kona.

Kisha kuna salamu. Mtu mzima hapitwi kimya. Ukimkuta mzee njiani asubuhi unasema “Bwakire”, naye atakuitikia, atauliza habari za nyumbani, atataka kujua wewe ni wa nani. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, wa nani ni swali refu. Ukipita bila kujibu, habari itatangulia hadi kwenu. Utakapofika, mama yako atakuwa ameshaambiwa kwamba mtoto wake amekosa adabu, tena amevaa kofia kubwa ili asitambulike. Kwa hiyo pima mteremko kwa idadi ya wazee, si kwa mita. Njia ya kanisani Jumamosi, Waadventista wakitoka ibadani, haishukiki kwa fremu yoyote inayouzwa leo.

Ukishanunua, usifurahi haraka. Kabla wiki haijaisha shangazi ataizunguka baisikeli, ataitazama nyuma, ataitazama tena, aulize: “Sasa hii keria yake iko wapi, mwanangu?” Mweleze kwamba fremu za namna hii hazina hata tundu la kuifungia. Atakusikiliza hadi mwisho, halafu atamtuma mtoto kwa fundi. Alumini hawezi kuichomelea, hilo fundi safari hii atalikubali, kwa hiyo atatumia klipu za bomba la maji na blada. Mwambie keria iwe fupi, isiguse springi ya nyuma ikibonyea. Ataiweka ndefu, kwa sababu gunia la napia si fupi.