Sifa za Orodha Isiyosomeka

Wengine na wasifu samaki aina ya sambaza wa Ziwa Kivu. Mimi nasifu orodha ya malipo itokayo kwenye programu ya SQL*Plus kabla mtu hajaipangilia.

Kwanza, inaheshimu wazee. Mstari wake ni herufi 80, upana ule ule wa kadi ya kutobolewa ya IBM ya mwaka 1928, enzi ambazo Bukavu iliitwa Costermansville. Pili, inawalisha wauza karatasi. Mkongo ana majina matatu. Kila jina likitengewa herufi 50, kila moja linashukia mstari wake. Na jicho halijazoea, vichwa vya safu vinarudi, kwani ukurasa ni mistari 14 tu.

Lakini fadhila yake kuu ni usawa. Namba ya simu yetu, ikitanguliwa na 243, ina tarakimu 12. Programu imeitengea nafasi kumi, basi inaifupisha. Wa 0991 anakuwa 2.4399E+11. Wa 0994 naye, 2.4399E+11. Mwalimu wa Bagira, muuguzi wa Kadutu, bwana mkubwa wa Ibanda: namba moja! Deni la mmoja ni deni la wote, na anayedaiwa hapatikani. Wangapi wametuahidi usawa huku Kivu wakiwa na bunduki begani? Huu umekuja bila risasi hata moja.

Ila mama aliyesimama dirishani tangu asubuhi hataki usawa. Anataka kujua kama jina lake limo. Na dawa ipo, jamani! Ni amri mbili tatu tu: COLUMN jina FORMAT A15, na majina mengine vivyo hivyo. COLUMN simu FORMAT 999999999999. Kazi ya dakika mbili, umeme ukiwepo. Nikachapa orodha mpya: mtu mmoja, mstari mmoja, namba nzima, kiasi pembeni. Nikampelekea shefu.

Akaitazama, akakunja uso. “Hii kila mtu ataisoma.”

“Ndiyo, shefu.”

“Halafu waanze kuuliza. Rudisha ile ya zamani.”

Ile ya zamani ikapigwa muhuri, ikasainiwa, ikabandikwa ukutani. Anayelalamika anaambiwa kompyuta ndiyo iliyokosea.

Wanaoilaumu kompyuta wanaionea. Yenyewe ikiamriwa, inatii. Anayehitaji amri mpya amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, na kwake sijaona pa kuichapa.