Bundi Aitisha Atelye ya Hofu

Parsele moja ya Majengo, Goma, wiki ya mwisho ya Oktoba 2025, usiku. Umeme umekatika, mvua imepita. Wapo BUNDI, mtunzi. REDIO ya betri, msomi wa nyumba. BATI wa paa. BIDON wa njano, wa lita 20. CHUKUDU, kigari cha mti cha kubebea mizigo, wa njia ya Kibumba. MBU, mpiga violini. Na JIWE la ukuta, aliyeingia mjini Januari 2002 akiwa bado moto.

BUNDI: Asanteni wote. Mmesikia kipande changu chote, sehemu nne, kwa violini, gurudumu la mti na bidon. Sasa naomba maoni. Semeni kweli, msinionee haya.

CHUKUDU: Kabla ya maoni kuna suala la utaratibu. Transpo iko wapi?

BUNDI: Transpo gani?

CHUKUDU: Ya washiriki. Hii ni atelye, au siyo? Tangu nichongwe sijaona watu wa Goma wakikalishwa kwa duara, wakiulizwa maoni, halafu wakarudi nyumbani bila bahasha.

BIDON: Papa Chukudu, transpo ni wewe mwenyewe. Umejileta.

CHUKUDU: Ndiyo nadai. Nani atanirudishia gharama zangu?

BATI: Mimi sijatoka paani, lakini perdiemu mniandikie.

BUNDI: Jamani, sina hela. Nina panya mmoja, naye nimekwisha kumla nusu. Tuanze na wewe, Dada Mbu.

MBU: Kipande kimenigusa sana. Hasa violini.

BUNDI: Violini ulipiga wewe.

MBU: Ndiyo maana kimenigusa.

BUNDI: Mama Bidon?

BIDON: Ni kazi nzuri, imetuelimisha. Tunapendekeza ifikishwe hadi vijijini, na wanawake washirikishwe katika ngazi zote.

BUNDI: Mama, huu ni muziki wa kutisha. Nauliza: umetishika?

BIDON: Nimehamasika.

JIWE: Mtoto wangu, kwanza tueleze. Nani alikutuma utunge hofu, mji mzima huu wa Goma, kana kwamba tumepungukiwa?

BUNDI: Redio ndiye aliyenifungua macho, mzee. Alisema Marekani kuna sikukuu inaitwa Halloween. Siku hiyo watu wananichora mimi bundi kwenye milango yao, wananitundika madirishani, watoto wananiiga. Hapa nikilia mara moja juu ya mwembe, wanasema kuna mtu atakufa, wananirushia mawe. Samahani, mzee.

JIWE: Usijali. Nami sipendi kurushwa.

REDIO: Niwape historia kwa kifupi. Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote. Mizizi yake iko Ireland na Scotland, kwa Waselti wa kale, na wahamiaji wa Ireland waliipeleka Marekani katika karne ya 19. Watoto hufunika nyuso kwa vinyago, hutembea usiku, hugonga milango ya watu...

CHUKUDU: Ngoja. Wanagonga usiku, nyuso zimefunikwa, na wenye nyumba wanafungua?

REDIO: Wanafungua wakicheka.

CHUKUDU: Halafu?

REDIO: Wanawapa peremende.

CHUKUDU: Majengo wanaogonga usiku wamefunika nyuso hawajawahi kuondoka na peremende.

BATI: Na hiyo tarehe 31 ndiyo mwisho wa mwezi. Huyo Bundi ameichagua vibaya. Tuna mtu wetu wa tarehe hiyo.

BIDON: Yaya Bati, usimtaje. Usiku huu tulale.

REDIO: Turudi kwenye sanaa. Muziki huu wa wapigaji wachache chumbani, kila mmoja na sauti yake, bila mtu wa kupunga fimbo mbele, una ukoo mrefu wa vitisho. Beethoven alitunga trio mwaka 1808 ambayo watu wameipa jina la Mzuka. Saint-Saëns, mwaka 1874, alitungia okestra nzima ngoma ya wafu: uzi wa juu wa violini unateremshwa nusu sauti ili uchachuke, na zailofoni inalia kama mifupa inayogongana.

BUNDI: Sehemu yangu ya nne nimeitoa huko. Mifupa ni gurudumu la Papa Chukudu.

CHUKUDU: Hapo nina maoni ya kiufundi. Gurudumu langu ni mti mgumu uliovikwa raba ya tairi. Likilia namna ile si mfupa, ni kwamba ekseli imekauka, inataka grisi. Fundi yeyote wa Majengo akikusikia hataogopa. Atakuuliza unalipa ngapi.

BIDON: Tena wafu hapa si watu wa kuogopwa. Tarehe 1 Agosti tunawaendea makaburini asubuhi, tunang'oa majani, tunapaka chokaa, tunawapa habari za nyumbani. Mchana tunarudi kuwasherehekea wazazi walio hai. Utamtishaje mtu kwa mifupa ya babu yake aliyetoka kumfagilia?

BUNDI: Haya, mifupa naondoa. Yaya Bati, sehemu ya tatu je? Ile ya mizimu inayokimbia juu ya paa?

BATI: Kumbe ilikuwa mizimu? Mimi nilijua ni risasi zilizopotea, nikawa nakusahihisha moyoni. Umetanguliza mlio mrefu, halafu ukaweka kishindo. Sivyo. Mlio unausikia pale inapopanda. Ile inayorudi chini haileti taarifa, unasikia *tap*, unatazama juu, unaona nyota. Nina matundu mawili ya mapigano ya Januari 2025, moja juu ya kitanda, la pili juu ya jiko. Mtoto wa darasa la pili wa hapa angekutolea alama kwa kosa lile.

BUNDI: Lakini uliogopa?

BATI: Nilihesabu. Kila mtu hapa anahesabu: iko mbali, iko karibu, ni bunduki ndogo, ni ile ya kuwekwa chini. Mwenye kuhesabu hana nafasi ya kuogopa. Hofu huja kesho yake, wakati wa kuchota maji.

JIWE: Nami nina neno juu ya ile sehemu ya pili, uliyoiita Mazuku.

BUNDI: Ndiyo naipenda kuliko zote, mzee. Dada Mbu anaanza chini, anapanda polepole, anapanda, hadi anapiga kelele.

JIWE: Ndipo ulipoharibu. Mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa tunayovuta. Haina rangi, haina harufu, inalala mabondeni kama maji. Haipandi, inakaa chini. Mtu mzima anapita amesimama, hana habari. Mbuzi aliyeinama kula anabaki pale pale, na mtoto aliyeketi vivyo hivyo. Hata wataalamu wa volkano kutoka Ulaya wamelichukua jina letu, wanaandika mazuku vitabuni mwao. Sasa wewe umeipa violini. Kitu kinacholia kinakuonya, bwana. Mazuku ingekuwa na violini isingeua hata kuku.

MBU: Mimi nilisema tangu mazoezini kwamba pale nimepewa noti nyingi.

CHUKUDU: Ulisema umepewa chache.

JIWE: Na ule mwisho wa mngurumo, unaodai ni Nyiragongo. Mimi nilikuwemo. Tarehe 17 Januari 2002 tulipasua mlima ubavuni, tukaingia mjini, tukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, tukakata katikati ya mji hadi ziwani. Nilichosikia njiani ni watu kuitana majina. Mama anaita, mtoto anaitika, magodoro yanagongana vichwani. Mdogo wangu wa tarehe 22 Mei 2021 aliishia Buhene, hapo jirani tu. Siku tano baadaye ikatoka amri: mitaa 10 kati ya 18 ihame, Majengo ikiwemo. Muulizeni Chukudu muziki wa siku ile.

CHUKUDU: Barabara ya Sake, bibi mmoja, kabati moja, mbuzi wawili. Bibi alikuwa ananiambia nisikimbie, kabati litakwaruzika.

BUNDI: Basi niseme wazi. Mmenivunja moyo. Nimetumia mwezi mzima kuwatisha, ninyi mnanisahihisha kama mainjinia. Je, hata mimi mwenyewe, bundi, usiku, juu ya mwembe, simtishi mtu?

CHUKUDU: Zamani ulitisha. Wazee bado wanakurushia mawe kwa mazoea. Vijana wakikusikia wanageuka upande wa pili wanalala. Wanasema: bundi analia, basi hakuna mlio mwingine.

BUNDI: Yaani mimi ni dawa ya usingizi?

BIDON: Ni heshima, bwana. Usikatae.

JIWE: Ukitaka kumtisha mtu kwa mchezo, lazima kwanza awe salama. Hao wa peremende wana mlango unaofungwa, wana taa, wana polisi wa kupigiwa simu. Aliyeshiba ndiye hutafuta pilipili. Hofu yao wanaiazima usiku mmoja, asubuhi wanairudisha dukani.

REDIO: Mzee, usiwaonee. Wapo waliotunga kutoka ndani ya vita. George Crumb, Mmarekani, wakati nchi yake inapigana Vietnam, alitungia vyombo vinne vya nyuzi vyenye umeme kipande kinachoitwa Black Angels. Aliandika kwamba amekimaliza Ijumaa tarehe 13 Machi 1970. Kina sehemu 13. Wapigaji wanapitisha upinde kwenye bilauri za maji, wanagonga upatu, wananong'ona. Na kinafunguliwa kwa sauti za wadudu wa usiku wenye umeme.

MBU: Wadudu wa usiku? Mwaka 1970? Na haki zetu za utunzi ziko wapi?

BIDON: Bilauri si tatizo, chupa za bia ya Primus tunazo. Lakini violini zenyewe si za kwetu. Hizo ni anasa za wazungu.

REDIO: Mama, hapo nakukatalia. Kinshasa kuna Okestra ya Simfonia ya Wakimbangu, aliyoianzisha Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwaka 1994. Walianza na vyombo vichache, wakipokezana zamu. Uzi wa violini ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli.

CHUKUDU: Waya wa breki! Matajiri hao. Mimi nafungia breki kwa ndala.

REDIO: Lakini sijamaliza habari ya Crumb. Katika kipande kile wapigaji wanahesabu kwa sauti, kama waganga. Wanahesabu kwa Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungari, Kijapani na Kiswahili.

BATI: Na nini?

REDIO: Kiswahili.

CHUKUDU: Wamarekani walitaka kutisha watu wao, wakachukua Kiswahili?

REDIO: Moja, mbili, tatu. Ukumbini, gizani.

BIDON: Wala sishangai. Kule inatisha kwa sababu hawaelewi. Hapa inatisha kwa sababu tunaelewa vizuri.

BUNDI: Mama, eleza.

BIDON: Ulitutafutia hofu kwenye paa na makaburini. Sikiliza. Tarehe 31, asubuhi. Mtu anakohoa nje ya geti. Hagongi, anakohoa tu. Papa Chukudu, nisaidie kukohoa.

CHUKUDU: *Khom.*

MBU: Mungu wangu.

BIDON: Anaingia, anaketi kwenye kiti kizuri. Anasifu watoto. Anakataa chai. Kisha ananyoosha mkono, na noti za dola zinaanza kuhesabiwa. Yaya Bati, hesabu.

BATI: Kumi. Ishirini.

MBU: Mbona mwili unanisisimka?

BATI: Thelathini. Arobaini.

BIDON: Anasimama hapo. Hiyo ya nne anaiinua juu, anaielekeza kwenye mwanga. Anaigeuza. Anapitisha ukucha pembeni, polepole.

REDIO: Usiseme.

BATI: "Hii imepasuka."

CHUKUDU: Yesu! Wapi?

BATI: Hapa kwenye pembe. Padogo kama mguu wa sisimizi. "Hii haipiti. Nipe nyingine."

REDIO: Na nyingine hakuna. Na benki zimefungwa tangu mapigano ya Januari. Na mbadilisha pesa wa barabarani naye atapitisha ukucha.

MBU: Zimeni! Washeni taa!

BIDON: Umeme hakuna, Dada.

BUNDI: Subirini, naandika. Sehemu ya kwanza: kikohozi peke yake. Ya pili: anasifu watoto, gurudumu chini kabisa. Ya tatu: kuhesabu, bila chombo chochote. Mzee Jiwe, mazuku yako umeiona? Hailii, inakaa chini.

JIWE: Sasa unatunga.

BUNDI: Ya nne: ukucha juu ya noti. Dada Mbu, noti moja tu, nyembamba, usiinyanyue.

MBU: Noti moja? Mimi violini ya kwanza?

CHUKUDU: Hata mimi nimeloa jasho, na mimi ni mti. Bwana Bundi, kwa kazi hii nakusamehe transpo.

BUNDI: Asante, Papa. Bado mwisho. Nimefikiria hivi: mwenye nyumba amekwisha kupokea kodi, amesimama, anaelekea getini. Watu wanapumua. Violini inaanza wimbo mtamu, wa furaha. Kisha anageuka, mkono kwenye komeo, anasema: "Nilisahau. Kuanzia mwezi wa kumi na moja, tunapandisha."

BIDON: Futa!

BATI: Futa hiyo haraka!

REDIO: Hata Crumb hakufika huko.

CHUKUDU: Bwana Bundi, tulikuomba utishe, sawa, tukakupa na maoni. Lakini hapo umezidi. Humu ndani wanalala watoto.