Mito ya usufi imefika Kamembe

Mama, najua Shangazi ndiye anayekusomea barua hii, na anaongeza ya kwake.

Mzigo ulifika. Ulitoka Ngamiani, Tanga, ukavuka mpaka wa Rusumo, ukalala Kigali, ukapenya msitu wa Nyungwe na kushuka hapa Rusizi bado unanukia udi.

Sasa ile picha niliyokutumia, mito minne imefungwa kuzunguka kitanda cha mjukuu wako kama ngome: ilikuwa ya picha. Nisamehe.

Siku hiyohiyo aliingia mama mshauri wa afya. Hapa kila kijiji kina wake, huchaguliwa na majirani, wala hapigi hodi mara mbili. Akaubonyeza mto mmoja kwa ngumi, ngumi ikazama. "Baba, tia uso humo, uvute pumzi." Nikatia. Mama, nilisikia Tanga nzima: udi, usufi, mafuta ya nazi. Pumzi ndiyo sikuipata. Nilipoinuka nilipiga chafya mpaka mtoto akaamka. "Wewe umeinua kichwa," akasema. "Huyu wa miezi miwili atakiinua?"

Najua utasema wazungu wanawalaza wao hivyo, umeona kwenye tamthilia. Marekani, ambako bunduki inauzwa dukani, kuuza mito hii ya kujazwa ni marufuku tangu Novemba 2022.

Ila hoja yako ya kichwa kunasa kwenye fito ni ya kweli. Hata huko kwao vitanda vya zamani vilikuwa na fito zilizoachana mno, mito ikawa kinga. Mwaka 1973 wakaamua nafasi isizidi kama sentimita 6, na tangu hapo mito ikabaki pambo. Kitanda chetu je? Kimechongwa kwa mkaratusi, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia fundi apunguze fito ili apunguze bei. Ngumi yangu ilipita bila kugusa. Nikamrudia na kopo la soda: fito zisogezwe mpaka hili lisipite. Akanitazama. "Mtoto wako ana kichwa cha Fanta?" Vijana wake wakaweka randa chini, wakacheka vizuri. Lakini fito aliziongeza, na soda akainywa.

Kitanda chenyewe mchana ni cha wageni kutazama, maana mtoto anashinda mgongoni kwa bibi yake. Usiku analala chali, godoro gumu, chandarua juu, basi. Anayetetemeka kwa baridi ya ziwa Kivu ni mimi wa pwani.

Mito haikutupwa. Mitatu iko kwenye makochi. Wa nne, ule ulioushona kwa kanga ya Shangazi, ile aliyoivaa makusudi siku wifi yake alipokuja, ndio mama mkwe alioupenda. Anauegemea kila jioni. Sikuwa na wasiwasi, nikijua yeye ni mtu wa Kinyarwanda. Nilisahau kwamba ameuza dagaa wa sambaza Bukavu, kwa Kiswahili, miaka ishirini. Jana alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye maandishi, neno kwa neno, kisha akaniita.

"Mkwe, haya maneno naambiwa na nani?"

Nimemjibu ni jina la kiwanda.